Naomba ushauri: NVDA (programu ya kusomea skrini kwa sauti) inakata ujumbe wa kosa kwenye fomu

Habari zenu wakuu. Nina fomu ya usajili yenye visanduku 7. Asiyeona akibonyeza "Tuma" bila kujaza simu, NVDA inaanza "Namba ya si…" halafu inarukia jina la kisanduku. Naona role="alert" (inayofanya ujumbe usomwe papo hapo) na fokasi (sehemu ya ukurasa inayopokea kibodi, ambayo naihamishia kwenye kisanduku chenye kosa) vinagongana: fokasi ikihama, sauti ya kwanza inakatwa. Label (jina la kisanduku), aria-invalid (inayoonyesha kuwa kisanduku kina kosa) na aria-describedby (inayounganisha kisanduku na ujumbe wake wa kosa) vipo kote. Nimechelewesha fokasi kwa milisekunde 500, lakini anayesikiliza kwa kasi ndogo bado anakosa maneno, na hayo ndiyo anayoyahitaji ili asahihishe.

Je, nitoe role="alert" nibaki na aria-describedby, au niweke orodha ya makosa juu ya fomu, yenye tabindex="-1" (ili iweze kupokea fokasi kwa msimbo), fokasi iende hapo? Kwenye TalkBack (kisoma skrini cha simu za Android) njia ipi inasomeka vizuri?