Sukari imeshuka, kwa nini mama aongezewe dawa ya lehemu?

MjukuuWaPangani:
Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana miaka 61 na anaishi na kisukari cha aina ya pili kwa mwaka wa tisa sasa. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimesoma asilimia 6.9, tukafurahi, lakini kliniki wamemwongezea atovastatini, dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli), ilhali lehemu mbaya, yaani LDL, ilikuwa milimoli 2.9 tu kwa lita na cheti cha maabara hakikuonyesha kasoro. Kwa miezi kadhaa pia vigimbi humbana akitembea kwenda sokoni, naye akisimama kidogo maumivu huisha. Je, dawa hii ni ya lazima kweli?

Tabibu Mstaafu:
Marahaba. Kiwango kinachoandikwa kwenye cheti ni cha watu kwa jumla; mwenye kisukari aliye katika hatari kubwa hutakiwa LDL yake iwe chini ya 1.8. Sababu iko kwenye ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni. Sukari inapokaa juu kwa miaka mingi, utando wa ndani wa mshipa hupungukiwa na nitriki oksidi, gesi inayoufanya mshipa utanuke na kuizuia damu isinate, na utando huo ukishadhoofika chembe za LDL hupenya chini yake na kuharibika, kisha seli za kinga zinazokuja kuzila hushiba mafuta na kukwama humo humo. Hivyo ndivyo ukuta unavyonenepa na njia ya damu kuwa nyembamba. Siku tabaka hilo la mafuta likipasuka, damu huganda juu yake, na huo ndio mshtuko wa moyo au kiharusi.

Tena mtu asidanganywe na tarakimu moja. Insulini isipofanya kazi ipasavyo, asidi za mafuta humwagika kwa wingi katika damu, ini likazigeuza kuwa trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu. HDL, yaani lehemu nzuri, hushuka, na chembe za LDL huwa ndogo lakini nyingi zaidi. Kwa hiyo 2.9 ya mama yako si sawa na 2.9 ya jirani asiye na kisukari. Kushusha sukari ni jambo jema, ila hakuondoi mafuta yaliyokwisha kujikita ukutani.

Bi. Mkunga:
Naungana na tabibu, ingawa mimi hicho kidonge kisingeninyima usingizi kama vigimbi. Maumivu yanayokuja kwa kutembea na kuisha kwa kupumzika huashiria ateri za miguu zilizoziba. Ya mishipa ya fahamu kwa kawaida huunguza usiku mtu akiwa amelala. Ombeni apimwe presha ya kifundo cha mguu ilinganishwe na ya mkono, kwani uwiano ukiwa 0.9 au chini huonyesha kwamba damu haifiki vizuri. Dawa asiiache. Na je, nyayo zake mmezikagua?

MjukuuWaPangani:
Ahsanteni sana. Nimemvua viatu jioni hii, nikakuta kidonda kati ya vidole viwili ambacho mwenyewe anasema hakukisikia kabisa. Tumepanga kwenda kliniki Jumatatu.

Bi. Mkunga:
Msingoje Jumatatu, mwanangu. Mpelekeni kesho asubuhi, na asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba.