Bomba la mashine ya kusafishia kwenye bwawa la vinili lililokwisha jengwa: ukuta unatobolewaje?

Mpwani_Columbus
Habari za kazi wakuu. Bwawa liko Columbus, Ohio. Ni futi 16 kwa 32 (kama mita 4.9 kwa 9.8), kuta za mabati, laina ya vinili (shuka la plastiki linalozuia maji) ina miaka minne na haijawahi kutiwa kiraka. Skima (tundu la ukutani linalovuta maji ya juu kwenda kwenye pampu) ni moja. Matundu ya kurudishia maji ni mawili, yote kwenye ukuta mfupi wa upande wa maji mafupi, na yanalishwa na bomba moja la inchi 1.5. Mwenye nyumba anataka Polaris 280, mashine ya kusafisha bwawa inayoendeshwa na shinikizo la maji kupitia hosi. Nitumie tundu mojawapo lililopo au nitoboe jipya? Nikitoboa, laina inaokolewaje?

fundi_laina
Tundu lililopo halifai, mkuu. 280 inataka pampu ya nyongeza na bomba lake peke yake. Kwa kuwa matundu yako yanachangia bomba, nguvu yote ya pampu hiyo itatokea tundu la pili na mashine itakaa tu. Halafu angalia urefu: hosi yake ni futi 31, na toka pembe ya maji mafupi hadi pembe ya mkabala upande wa kina ni karibu futi 36. Toka katikati ya ukuta mrefu hadi pembe ya mbali ni futi 23 tu, kwa hiyo tundu jipya likae hapo, sentimita 15 hadi 30 chini ya usawa wa maji. Epuka maungio ya paneli na nguzo za kuegemeza ukuta kwa nyuma.

Punguza maji mpaka sentimita 20 chini ya tundu, basi. Usimwage bwawa lote: laina iliyokwisha tumika ikikaa bila maji hunywea, na maji ya ardhini huweza kuiinua. Chimba nyuma ya ukuta shimo la kutosha mtu kuingiza mikono yote miwili. Siku ya jua kali, chomoa ukingo wa laina kwenye reli yake kama mita 2, ukunje taratibu kwenda chini, kisha weka ubao mwembamba kati ya laina na bati.

Toboa kwa msumeno wa duara wa kukatia chuma. Kipenyo kipime kwenye shingo ya fitingi yenyewe (kiungio kinachokaa tunduni), usikisie. Piga tupa kingo, paka rangi ya zinki, maana bati lililokatwa likiachwa wazi huanza kutu hapo hapo. Kisha fagia chembe zote za chuma, pitisha na sumaku. Chembe moja ikibaki nyuma ya laina, maji yakirudi itaitoboa, na mtatafuta uvujaji huo mwezi mzima.

Chukua fitingi ya vinili yenye bamba la uso. Mwili wake unaingia kutoka ndani, nati inakazwa nje. Rudisha laina kwenye reli kwa maji ya moto. Laina ikae kati ya gasketi mbili, kisha bamba. Skrubu zikazwe kwa bisibisi ya mkono, kwa mshazari, kidogo kidogo. Tundu la laina hukatwa mwisho kabisa, bamba likishakazwa, kwa wembe mpya. Wanaokata kwanza ndio huishia na mpasuko unaopita nje ya gasketi.

bomba50
Maelezo ya fundi ni sahihi, ila mimi laina ya miaka minne nisingeigusa. Hatari kubwa haipo kwenye msumeno, ipo kwenye kuirudisha: ikishanywea hata sentimita 2, ukingo haufiki tena kwenye reli, na ukiivuta kwa nguvu inapasuka kwenye kona.

Polaris 360, mashine ya aina hiyo hiyo, haidai pampu ya nyongeza, lakini tatizo la hosi kutofika linabaki palepale. Kwa sasa anunue roboti ya umeme, haihitaji bomba. Kisanduku chake cha umeme kikae mbali na maji, kwa umbali uliotajwa kwenye maelekezo yake. Kama mtachimba kwa kazi nyingine, lazeni bomba la PVC la inchi 1.5 hadi nyuma ya ukuta, mlizibe kwa kifuniko cha gundi na mpime umbali wake toka kona mbili, muandike. Siku laina inabadilishwa, kutoboa ni kazi ya saa moja.

umeme_na_maji
Kabla ya jembe kugusa ardhi pigeni 811, namba ya simu ya kuomba nyaya na mabomba yaliyofukiwa yawekewe alama. Halafu kuna waya wa shaba namba 8, wa uzi mmoja, unaozunguka bwawa na kuunganisha kuta za bati. Mkiukata, mrudishe kwa kiungio kinachoruhusiwa kufukiwa. Pampu mpya nayo iungwe kwenye waya huo huo.

Pampu ya nyongeza ichukue maji baada ya chujio na hita, kabla ya kifaa cha klorini. Iwake angalau nusu saa baada ya pampu kubwa na izimike kabla yake. Ikizunguka kavu, sili inaungua mara moja. Mwisho hesabu mizunguko ya gurudumu la 280: 28 hadi 32 kwa dakika. Ikizidi, fungua valvu ya kupunguza shinikizo, la sivyo mkia wa mashine (hosi ndogo ya nyuma) utasugua michoro ya vinili mpaka ifutike.

Mpwani_Columbus
Nimewaelewa: roboti sasa, bomba tunalaza. Je, bomba lililozibwa ncha mbili litapasuka wakati wa baridi?

bomba50
Likiwa kavu halipasuki. Lipulizie kwa hewa kabla ya kuziba ncha ya pili, na upande wa pampu tumia kizibo cha nyuzi, ili kila vuli uweze kufungua na kuhakikisha hakuna maji yaliyoingia.