Naomba ushauri: nafundisha Sunday school na imani yangu imegeuka

Wadau, hamjambo. Niko Kisumu, nafundisha watoto kanisani kila Jumapili. Shida ilianza nilipojitia kusoma falsafa.

Mwaka 1941 mwanatheolojia Mjerumani, Rudolf Bultmann, alidai kwamba mtu anayewasha umeme na kusikiliza redio hawezi tena kuamini pepo na miujiza kama Agano Jipya linavyosimulia. Nilicheka. Hapa kwetu redio hiyo hiyo ndiyo inayokemea mapepo usiku kucha! Kisha nikakutana na mwanafalsafa Mfaransa, Lyotard, aliyeandika mwaka 1979: usasa umepita, simulizi kuu, yaani zile hadithi kubwa zinazodai kueleza kila kitu, hazituaminishi tena, hata ile ya maendeleo na sayansi. Hapo nikabaki hewani.

Lakini mama akifungua Biblia yake ya Dholuo, kurasa za Zaburi zimelegea kwa kupekuliwa, kitu ndani yangu bado kinaitikia. Si woga, woga naujua.

Jumapili ijayo zamu yangu ni Yona na samaki. Niwafundisheje watoto bila kuwadanganya wala kuwavunja moyo? Nimwone mchungaji, au ninyamaze kwanza? Aliyepitia haya anisaidie. Mistari peke yake msinitumie, nimeikariri.