Yule wa mashine ya kuoshea kwa maji ya presha kanibandua rangi ya geti, halafu ananiambia "mashine haidanganyi"!

MamaGeti_Soweto:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mnamjua. Moshi nzima mnamjua, yule anayepita na mashine kwenye toyo, miwani ya jua hata mvua ikinyesha.

Nilimwita aoshe ukuta wa nje ulioota ukungu wa masika, na pevingi za uani zilizoganda udongo mwekundu. Basi. Geti sikulitaja! Naingia ndani kuchuja chai, natoka nakuta geti lina mistari kama pundamilia, maganda ya bluu yametapakaa mpaka kwenye mchicha. Namuuliza, vipi tena? Hazimi hata mashine. Ananiangalia juu mpaka chini: "Mama, mashine haidanganyi."

HAIDANGANYI! Kwa hiyo mwongo ni mimi?

Kumbe kwenye mdomo wa kurushia maji kafunga pua nyekundu, ile ya nyuzi 0, maji yanatoka mstari mmoja bila kutawanyika. Hiyo inachimba hata mbao! Palipopakwa rangi unaweka nyeupe ya nyuzi 40, inayotawanya maji, unaanza ukiwa mbali ndio unasogea taratibu. Na anayo, inaning'inia palepale kwenye mashine! Pevingi nazo, mchanga wote wa katikati umekwenda mtaroni, sasa zinacheza ukikanyaga.

Lakini hayo yote ningemeza. Kusema "Mama, mashine haidanganyi" mbele ya mama mkwe aliyeshuka jana kutoka Marangu! Na mama mkwe akacheka! Nina hakika hata Kibo ilisogeza mawingu ichungulie.

Kaka_wa_Rau:
Huyo huyo! Kwangu alielekeza maji kwenye mita ya LUKU, nyumba nzima giza. Eti "umeme wenu mwepesi, bosi."

Mpare_Mjini:
Weka picha ya geti tuone kama lilikuwa zima.

MamaGeti_Soweto:
Picha ya nini wewe? Rangi imepakwa Desemba, wageni wa Krismasi wote waliisifia!

Msasa_Kwanza:
Pole dada, ila rangi ikipakwa juu ya kutu bila kupiga msasa na praima, maji yakipata upenyo tu inabanduka. Mashine kweli haidanganyi 😂😂

MamaGeti_Soweto:
Wewe ndiye yeye! Vua miwani, tumekujua!

Mpare_Mjini:
😂😂😂 Mama mkwe alicheka kwa sauti au kwa chinichini?

Bibi_Pasua:
Afadhali yenu mna maji ya kuchezea. Huku bomba linakoroma tu tangu Jumatatu, ndoo zimepangwa mpaka sebuleni.

Mzee_Kiboriloni:
Bibi, bomba litarudi. Mimi fundi kanitobolea simtanki upande usio wake, akaziba na sabuni ya kipande, akachukua hela akasepa. Usiku maji yote shambani, migomba inaogelea.

MamaGeti_Soweto:
Jamani turudi kwenye geti! Mbele ya MAMA MKWE!

Kaka_wa_Rau:
Mzee, huyo wa simtanki si yule mrefu, wa pikipiki nyekundu?

Mzee_Kiboriloni:
Umemjuaje?

Bibi_Pasua:
Uwiii, hata kwangu kapita! Mzee, huyo mfungulie uzi wake.