Umekosa muda uliokuwa unaufukuzia kwenye mbio, ulifanyaje usikate tamaa? Tupeane uzoefu

Kamba Mbili (mtoa mada): Wakuu habari zenu. Nimejifua miezi na miezi nikitaka kumaliza marathoni chini ya saa 4, nimemaliza kwa saa 4 na dakika 6. Kila mtu ananiambia hongera umemaliza, najua wana nia njema ila moyoni haiingii. Waliopitia hii mlifanyaje, hasa zile siku za mwanzo ambazo hata viatu hutaki kuviona?

Binti Mwendo: Kaka umenigusa penyewe. Mimi ilikuwa hiyohiyo saa 4. Nilimganda peisa, yule mkimbiaji anayewaongoza wengine kwa kasi ya kumaliza muda fulani, mwenye bendera ya saa 4 tangu mwanzo, kilomita 30 niko freshi kabisa napiga stori na watu, afu kwenye 33 hivi miguu ikagoma. Wala sio maumivu, yaani nguvu imekata, unauambia mguu nenda hauendi. Na kilichoniumiza sio kuchoka, ni ile bendera. Inaanza kukuacha hatua mbili, mara kuna watu wawili wameingia katikati, mara unaiona juu ya vichwa tu, inafika kona inakata, basi. Nilitembea nalia, mtu wa maji ananipa kikombe nashindwa hata kusema asante. Nikamaliza 4:11. Medali niliisokomeza kwenye begi sikutaka kuiona. Aliyenitoa pale ni mume wangu, na hakunipa maneno matamu, aliniambia tu hebu niandikie kila kilomita 5 ulitumia muda gani. Nikaandika kwa hasira. Sasa kuja kuangalia, zile 25 za kwanza zote nimeenda kwa kasi ambayo mwaka wa nyuma nilikuwa naiweza kwenye mbio ya kilomita 10 peke yake. Nilikaa kimya naitazama ile karatasi. Mwisho uliharibika ndio, ila mimi nilikuwa nimepanda na ushahidi uko mezani.

Nyayo: Hiyo bendera inayokata kona nimeiona kabisa. Inauma jamani.

Mzee wa Alfajiri: Huo ndo ukuta. Akiba ya wanga mwilini ikiisha huko kwenye 30 na kitu haina cha moyo mgumu wala nini. Unatakiwa uingize wanga njiani mapema kabla hujaishiwa. Mtoa mada jiandikishe mbio nyingine wiki hii hii, usiupe moyo nafasi ya kulala.

Tulizana: Napinga mzee wangu. Usijiandikishe na hasira. Rafiki yangu alifanya hivyo, akarudi mazoezini mwili haujapona, goti likamkalisha msimu mzima. Kaa mpaka hamu irudi yenyewe.

Mzee wa Alfajiri: Hamu haiji kwa kukaa kijana.

Tulizana: Kwangu ilikuja kwa kukaa, shikamoo.

Fundi Saa: Mtoa mada saa yako ya mkononi ilisoma kilomita ngapi?

Kamba Mbili: 42.7

Fundi Saa: Basi karibu dakika 3 zako ziko hapo. Marathoni ni 42.195 na inapimwa kwa njia fupi kuliko zote ambayo mkimbiaji anaweza kupita. Ukizunguka kona kwa nje, ukiyumba kwenda mezani kwa maji, unaongeza, na saa yenyewe ina makosa yake. Kwa saa 4 unahitaji 5:41 kila kilomita, ila ukiifuata ile ya kwenye kioo cha saa utachelewa. Bonyeza mwenyewe kila ukipita kibao cha kilomita.

Jiwe: Visingizio hivyo, muda ni muda.

Fundi Saa: Hiyo ni hesabu Jiwe, kisingizio kiko wapi? Mtu akijua dakika zilikoenda ataweza kuzirudisha.

Mpole: Mimi nilikuwa nafukuzia nusu marathoni chini ya saa 2. Kama mita 400 kabla ya mwisho, dakika ninazo na za ziada, jua limewaka balaa, kijana mbele yangu anaanza kuyumba, anaiacha barabara anaelekea kwenye vizuizi. Namshika bega, ngozi inawaka moto. Namuuliza jina ananijibu maneno yasiyoeleweka, halafu magoti yakakatika. Tulimvuta kivulini mimi na dada wa maji tukawa tunammwagia kichwani, shingoni, kwapani, mpaka huduma ya kwanza wakafika wakambeba. Nikamaliza 2:06.

Nyayo: Akapona???

Binti Mwendo: Mpole usituache hapo

Jiwe: Jibu basi mkuu tunasubiri

Nesi wa Zamu: Mlifanya sawa kabisa. Kiharusi cha joto kinaua, mgonjwa anapozwa kwanza ndo asafirishwe. Wakimbiaji wote washike hilo: mtu akichanganyikiwa kwenye joto mpoze palepale.

Mpole: Alipona. Walimtumbukiza kwenye beseni la maji ya barafu, nilipoenda hemani nikamkuta amekaa anaulizia viatu vyake.

Tulizana: Mungu mkubwa. Lakini Mpole wewe hukushindwa, mada ni ya walioshindwa.

Mpole: Iliniuma hivyohivyo ndugu. Watu wananiita shujaa na mimi bado naitaka ile 1:59. Nilimwambia mtu mmoja tu anayekimbia, akanielewa.

Mzee wa Alfajiri: John Stephen Akhwari, Olimpiki ya Mexico 1968, alianguka akaumia goti, akafika wa mwisho, wa 57, giza limeshaingia. Hiyo kila mtu anaijua. Ila 1970 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh akashika nafasi ya 5 marathoni. Hii ndo ninayoipenda zaidi.

Jiwe: Na Kipchoge 2012 alikosa timu ya Olimpiki kwenye mita 10,000. Mwaka uliofuata akahamia marathoni akashinda Hamburg.

Tulizana: Hao ni watu wengine jamani, sisi tuna kazi na watoto.

Jiwe: Kuachwa kwenye timu kunauma kazi au bila kazi.

Kamba Mbili: Nimeandika zangu kama alivyosema Binti Mwendo. Kutoka 15 mpaka 20 sijawahi kukimbia vizuri vile, na nilikuwa nimeshasahau. Afu kuna kilomita moja imesoma 9:12, ile ya 36, msuli wa nyuma ya paja ulikaza nikasimama kuunyoosha. Fundi Saa nikutumie pembeni unisaidie hesabu?

Fundi Saa: Weka hapahapa zote, kilomita kwa kilomita.