MREJESHO: Nilichukua Ryzen 5 5600G

Wakuu, niliuliza nichukue prosesa (ubongo wa kompyuta) ipi, Core i5-12400F au Ryzen 5 5600G, kwa kompyuta ya kuunga mwenyewe, sina hela ya kadi ya picha. Ahsanteni sana. Nimefuata waliosema 5600G, maana ile i5 yenye F haitoi picha bila kadi, hii inatoa.

Mwanzoni feni ilizunguka, kioo cheusi tii. Mazabodi (bodi kuu) ya B450 ilikuwa na BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) ya zamani isiyoitambua prosesa. Fundi akachomeka Ryzen 5 2400G yake, akapandisha BIOS iwe mpya, akarudisha yangu, ikawaka. Mkuu uliyesisitiza RAM (kumbukumbu ya muda) mbili za GB 8 badala ya moja ya 16, ubarikiwe! Kuhariri video hakukwami. Ila gemu nzito bado zinagoma mpaka nishushe ubora wa picha hadi 720p, kadi itabidi tu ninunue.