Naomba ushauri: njia ya mgongo wa mlima, Pico do Arieiro hadi Pico Ruivo, kisiwa cha Madeira (Ureno)

Wakuu, naomba ushauri wenu. Kilele cha Pico do Arieiro kina mita 1,818, cha Pico Ruivo mita 1,862. Tofauti ni mita 44 tu, lakini isimdanganye mtu: katikati njia hushuka sana, halafu ngazi ndefu za kupanda, na wakati wa kurudi unazirudia zote. Magoti yananitia wasiwasi kuliko pumzi.

Nimeandaa maji lita 2, tochi ya kichwani kwa ajili ya mahandaki, koti la upepo na viatu vyenye soli ya meno, maana jiwe likilowa huteleza. Je, nibebe fimbo mbili, au moja, ili mkono mwingine ushike kamba ya chuma pembezoni? Na ukungu ukifunga, mnageuzia wapi?